Wahitimu wa Ghala la Maharage

Chekeche ndiye aliyewaona kwanza, na alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, njooni muone maajabu," aliita. "Kata moja, vibibi thelathini na wanane, na wote wana shahada ya chuo kikuu!"

Chekeche halikuwa jina lake bali kazi yake. Alikuwa mhariri wa takwimu za sensa, na kila jibu la ajabu, la mtoto wa miaka mitatu aliyeandikwa mjane au la babu aliyeandikwa kajifungua mapacha, lilinasa kwake kama kokoto. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu: madirisha mawili, meza nne, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Wote waliinuka kwenda kutazama, isipokuwa mtu mmoja. Huyo ndiye mwenye hadithi hii, na sisi tutamwita Redio, jina alilopewa utotoni. Pale ofisini hakuna aliyelijua, na mwenyewe alikuwa amejitahidi sana wasilijue.

Redio alikuwa mtakwimu wa makadirio. Ukimpa watu wa leo waliopangwa kwa umri, jinsia na kiwango cha elimu, anakupa watu wa miaka sabini na tano ijayo wakiwa wamepangwa vilevile. Ndani ya kompyuta yake, kila hatua ilikuwa miaka mitano. Aliwazeesha watu wote kwa mkupuo, akawaondoa wanaokufa, akawaingiza wanaozaliwa, akawavusha watoto kutoka shule ya msingi kwenda sekondari na kutoka sekondari kwenda chuo. Kazi ya Mungu hiyo, nayo ilifanyika kwenye kiti kilichofungwa kamba mguu mmoja. Na ilikuwa na kanuni moja ngumu: mtu akishapita miaka thelathini na mitano, hahami kundi. Aliyeandikwa hakusoma atabaki kwenye safu ya wasiosoma mpaka siku anayotoka duniani. Kanuni hiyo aliiweka Redio mwenyewe, na hakuwahi kuikosea usingizi.

"Kata gani?" aliuliza bila kuinua macho.

Chekeche akaitaja. Kalamu ya Redio ikasimama.

"Nchi nzima," Chekeche aliendelea kunogewa, "wanawake wa miaka sabini na kitu wenye shahada hawafiki mia nne. Sasa karibu kumi kwa mia yao wanakaa mtaa mmoja nyuma ya ghala la nafaka! Huyu ana watoto tisa. Huyu saba, mjane, miaka sabini na minne, nyumba ya vyumba vitatu, choo cha nje. Karani alikuwa amelewa, haki ya Mungu."

Redio alijua karani hakuwa amelewa. Mjane wa miaka sabini na minne mwenye watoto saba na choo cha nje alikuwa mama yake mzazi, na yeye ndiye binti yake, kitinda mimba wa hao saba.

Mkuu wa kitengo akaja kusimama nyuma yao. Walimwita Mzee Desimali, kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu aliyeacha desimali ikapotea. Alitazama orodha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Makosa," alisema. "Iambieni mashine iwageuze wote wawe 'hakusoma'. Majedwali yanakwenda wizarani Jumatatu."

Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja tu. Chekeche akanyoosha kidole.

"Subiri!" Sauti ya Redio ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mzee, kosa likiwa la kundi zima, kanuni inasema watu warudiwe waulizwe. Tusiwabadilishie majibu yao kama vile wamekwisha kufa."

"Vibibi thelathini na wanane? Katika mamilioni?"

"Mmoja wao ni mama yangu."

Kicheko cha Chekeche kikakatika. Mzee Desimali akamgeukia Redio.

"Amesoma?"

"Hajaingia darasani hata siku moja."

"Sasa kwa nini kasema hivyo?"

Redio alijua kwa nini, lakini lilikuwa jambo refu, na sehemu yake nyingine hakupenda kuigusa. "Niruhusu niende, nitarudi na majibu."

"Ijumaa saa kumi," alisema Mzee Desimali. "Ikipita hapo nabonyeza mwenyewe. Na ndugu hamhoji ndugu. Nenda na Chekeche, yeye ndiye atakayemhoji mama yako." Mzee yule kwenye kanuni hakuwa na mjomba wala shangazi.

Sasa, ili usimwone mama wa watu kuwa mwongo, ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Miaka ile ghala lilikuwa na wanawake arobaini na zaidi, wameketi safu mbili, kila mmoja ungo mapajani. Kazi yao ilikuwa kuchambua maharage: kokoto huku, mabovu huku, mazima kwenye gunia. Walianza asubuhi wakamaliza jioni, na watoto wao wakitoka shule nyumbani hakukuwa na mtu, kwa hiyo walikuja ghalani. Mama yake Redio alikuwa nyapara. Naye akaweka sheria yake: mtoto akitoka shule haji hapa kucheza. Atapanda juu ya gunia, atafungua daftari, na atasoma kwa sauti mambo yote aliyofundishwa siku hiyo, mpaka jua litue kama yana urefu huo. Wanawake watasikiliza, mikono ikiendelea. Na asipoeleweka, ataambiwa neno moja: "Rudia!"

Mwenye sauti kubwa kuliko wote wakamwita Bi Rudia. Mtoto aliyerudishwa mara tatu mbele ya wanawake arobaini wenye ndimi kali, somo alilijua apende asipende. Redio alipata jina lake pale juu ya gunia, maana alisoma kama anatangaza taarifa ya habari, na akimaliza hutaja na saa.

Kwa njia hiyo wanawake wale walisikia sehemu za ua na sehemu za moyo. Walisikia vita vya watu wa mbali na wakawalilia majeruhi. Walisikia hesabu za pembetatu, na Bi Rudia akawa anakataa kukata kitambaa bila kutaja pembe zake. Redio alipokwenda chuo kikuu mbali, walidhani yamekwisha. Mama akanunua simu yenye kipaza sauti, akaiweka juu ya gunia kila Jumamosi.

"Nisomee," alisema.

"Mama, hii ni takwimu. Ni ngumu."

"Nimekuuliza kama ni ngumu? Nisomee!"

Basi wakachambua maharage wakisikiliza habari za jedwali la vifo, jinsi kati ya watoto elfu waliozaliwa siku moja unavyoweza kukisia wangapi watafika miaka sitini. Siku ya somo la wastani Bi Rudia alimrudisha mara sita. Mara ya sita, msichana akiwa karibu kulia kwa hasira, ndipo yeye mwenyewe alipolielewa, na kwenye mtihani hakukosa hata swali moja.

Je, alishukuru? Asante ya punda ni mateke. Alipokuwa kidato cha pili, ripoti ya shule ilitakiwa kurudi na saini ya mzazi. Mama aliweka dole gumba, wino wa zambarau. Wasichana wa dawati la nyuma wakaliona, mmoja akauliza, "Mama yako kaikanyaga ripoti?" Darasa likaangua kicheko. Muhula uliofuata Redio alisaini mwenyewe, kwa jina la mama yake, kwa mwandiko mzuri wenye mkia. Alisaini hivyo mpaka akamaliza shule. Mama hakuwahi kuuliza ripoti zinasainiwa na nani, na Redio akajidanganya kwamba asiyeuliza hajui. Ilikuwa miaka ishirini na minne sasa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Walifika Alhamisi asubuhi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo Redio alibeba sukari na sabuni, na Chekeche alibeba madodoso ya uhakiki thelathini na manane pamoja na kidau cha wino. Mama alikuwa sebuleni, ungo mapajani, anachambua maharage ya mchana. Ukutani picha saba za watoto waliovaa majoho zilining'inia, moja kila mtoto, zimenyooka kuliko ukuta wenyewe.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba wanangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Tumekuja kikazi."

"Siku ya Alhamisi mtu huja kwa msiba," mama alisema, akamsogezea Chekeche kiti. "Haya, kazi gani?"

Chekeche akafungua dodoso, akakohoa kiofisi. "Mama, kiwango chako cha juu cha elimu ulichohitimu ni kipi?"

"Chuo kikuu."

"Chuo kipi?"

"Alichosoma huyu."

"Ulikaa bweni gani, mama?"

"Sikukaa bweni. Nilikuwa nachambua maharage." Mama akatupa kokoto dirishani. "Na kwa nini uniulize wewe? Aniulize huyu niliyesoma naye. Wewe sijui ulisomea wapi. Hebu niambie: tajiri mmoja akihamia mtaa wa maskini kumi, wastani unadanganyaje?"

Chekeche akameza mate. "Unaonyesha wote wana nafuu, kumbe ni yule mmoja tu."

"Umepita," mama alisema. "Endelea."

Redio alitamani kucheka, lakini akajizuia. "Mama, mlikubaliana?"

"Tulikubaliana. Karani alipotangazwa tulikutana hapa hapa. Tukaulizana, tuseme nini? Bi Rudia akasema, tukisema hatukusoma, zile jioni zetu zilikuwa nini? Zilikuwa kelele?" Mama akamtazama bintiye usoni. "Nijibu wewe uliyekuwa juu ya gunia. Zilikuwa kelele?"

"Hazikuwa kelele, mama."

"Basi andikeni."

Chekeche alimtazama Redio. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na kwa kweli alikuwa tayari kuandika chochote atakachoambiwa na mama yule. Redio hakuwa na haja ya kubishana. Angeweza kurudi ofisini aseme imeshindikana, na mashine ingefanya kazi yake bila mama kujua. Lakini kuna jambo alilowahi kulifanya bila mama kujua, na halikuwa limempa raha. Akafungua mkoba, akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaitandika mezani.

Mama hakujua kusoma, ila grafu alizijua. Alishasomewa.

"Hawa ni wanawake wa kata yenu," Redio alisema, akashika kidole cha mama na kukipeleka juu ya rangi. "Kijani ni wa chuo. Bluu sekondari. Njano msingi. Huu wekundu ni wasiosoma kabisa. Hapa ni leo. Kila hatua ni miaka mitano."

Kidole cha mama kikatembea. Wekundu ulianza na unene wa viganja viwili, ukawa wa kiganja kimoja, ukawa wa vidole, ukawa uzi.

"Na hapa?"

"Hapa hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mwanamke asiyesoma kwenye kata hii. Miaka hamsini kutoka leo. Nchi nzima wekundu huu unafika mwisho wa karne. Kwenu unakwisha miaka ishirini na tano mapema, kwa sababu wasichana wa hapa waliandikishwa shule wote, na wakamaliza, wakati wa kata za jirani walikuwa wanaolewa. Wakubwa wangu wameniuliza kwa nini, na kompyuta haijui." Redio akavuta pumzi. "Mimi najua. Lakini mama, mkijiandika wahitimu, nyie thelathini na wanane mnatoka kwenye wekundu mnaingia kwenye kijani. Atakayesoma ataona watoto wa hapa walisomeshwa na wasomi. Na hilo si habari, wasomi wote husomesha watoto wao. Mkibaki hapa, ataona walisomeshwa na watu ambao hawakusoma. Hilo ndilo lililotokea. Nataka libaki limeandikwa."

Mama alirudisha macho kwenye ungo, akachagua harage moja bovu, akaliweka pembeni, akachagua na jingine.

"Kwa hiyo sisi ndio wa mwishomwisho," alisema.

"Ndiyo. Kama kila mtoto wa leo ataendelea kwenda shule."

"Hiyo 'kama' ni ya nani?"

"Ni ya kwetu sisi, mama."

"Mh. Ishikeni vizuri." Kisha uso wake ukafunguka, na alipocheka meno matatu yaliyobaki yakaonekana yote. "Unajua miaka ile nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja. Tuishe. Sio tufe, tuishe! Asipatikane mwanamke mwingine wa kusomewa barua yake na jirani, ajue siri yake kwa mdomo wa mtu. Kumbe kweli tunaisha, na kuna karatasi inayosema. Mungu nakushukuru." Akampigapiga Chekeche gotini. "Niandike huko huko kwenye wekundu, mwanangu. Hakusoma."

Chekeche akaandika, polepole kuliko ilivyohitajika. Halafu akageuza dodoso na kuonyesha mstari wa chini. "Saini hapa, mama."

Mama akalisukuma dodoso kwa bintiye.

"Saini wewe," alisema. "Si ulishazoea kunisainia?"

Chekeche, ambaye hakuwa na habari, aliinamia mkoba wake kutafuta kitu ambacho hakukipoteza.

"Ulijua," Redio alisema.

"Mwalimu wenu aliniita. Akanionyesha ile ripoti, akaniuliza, mama, hii ni saini yako? Angejua si yangu wangekufukuza shule. Nikamwambia ni yangu. Na sikusema uongo. Jina ni langu, na mkono ulioandika ni wangu pia, maana niliuzaa mwenyewe."

"Mama, nisamehe." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na hakuyafuta.

"Iliniuma, sikufichi. Nililia njia nzima mpaka ghalani. Nikamwonyesha Bi Rudia ile ripoti. Akaiangalia, akaniambia, shoga, kumbe jina lako zuri hivi likiandikwa! Nikaliangalia na mimi. Kweli lilikuwa zuri. Lina mkia." Mama akainuka kwa kushika meza, akaingia chumbani, akarudi na kipande cha kadi kilichozungushiwa nailoni. Kulikuwa na alama za muhula mmoja wa kidato cha pili, na chini yake jina la mama kwa wino wa bluu, lenye mkia mrefu. "Nilimwomba mwalimu anipe. Picha zangu ninazo nyingi. Picha ya jina langu ninayo hii tu."

Kuna watu hungoja mpaka msibani ndipo waseme waliyotakiwa kusema. Redio alipiga magoti pale pale penye maganda ya maharage, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

"Sijawahi kukuambia asante," alisema. "Kila nilichonacho nilikipata juu ya lile gunia. Niliwaonea haya nyinyi, na nyinyi ndio mlionisomesha. Asante, mama. Asante kwa kila jioni. Asante kwa kumwambia mwalimu ni yako."

"Haya, haya. Ng'ombe haelemewi na nunduye," mama alisema, akimpapasa kichwa. "Inuka, utampa mgeni wako mashaka. Saini twende tukapike."

Redio akainuka, akajifuta kwa kiganja. "Sisaini. Safari hii nataka dole gumba lako."

Chekeche, ambaye sasa naye alikuwa anavuta makamasi, alitoa kidau cha wino. Mama akachovya kidole, akakitazama, akakibandika kwenye karatasi kwa nguvu, akakiviringisha kushoto na kulia kama mzoefu.

"Msije mkasema nimeikanyaga," alisema.

Redio hakujua, na mpaka leo hajui, ni nani aliyemfikishia mama yake maneno yale ya darasani. Hakuuliza. Alikipuliza kile kidole cha zambarau kwenye karatasi mpaka kikakauka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mama alisema, akirudia ungo wake. "Ngojeni alasiri, mtapata vingine thelathini na saba."

Alasiri walikuja kweli, wengine kwa fimbo, wengine kwa kushikwa mkono na wajukuu, wakaketi kibarazani safu mbili bila kuambiwa. "Redio!" waliita walipomwona, na Chekeche akageuka kumtazama mwenzake aliyefanya naye kazi miaka tisa. "Kumbe wewe ni Redio?" akanong'ona. "Ofisini watalijua Jumatatu." Redio akagundua kwamba hata halimuumi.

Mgumu alikuwa Bi Rudia peke yake.

"Mimi shahada yangu siirudishi," alitangaza. "Niliihenyea."

Mama akamweleza habari ya wekundu, kata za jirani, na watu wasiosoma waliosomesha.

"Rudia," alisema Bi Rudia.

Mama akarudia. Bi Rudia akafikiri, akauliza kama wale wa kata ya jirani watausoma ule mstari wa wekundu, akaambiwa watausoma. "Leteni wino," akasema.

Ijumaa saa tisa na nusu madodoso thelathini na manane yalikuwa juu ya meza ya Mzee Desimali. Aliyapekua moja moja. Kila karatasi ilikuwa na dole gumba, na kila karatasi ilisema hakusoma.

"Sasa tofauti na mashine iko wapi?" aliuliza. "Si jibu ni lile lile?"

"Jibu ni lile lile, mzee. Lakini wamelitoa wenyewe." Kisha Redio akamweleza yote, kuanzia gunia mpaka dole gumba, wala hakuiruka saini. Mzee Desimali alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani akaifuta, na ikachukua muda mrefu kuifuta. Akavuta kiti chake mwenyewe, kile kizima, akakisogeza mbele ya kompyuta ya Redio.

Redio akawarudisha wanawake thelathini na wanane kwenye safu yao, akaendesha makadirio upya. Wakakaa watatu kuangalia namba zikishuka. Kwenye hatua ya miaka hamsini ikatokea sifuri nukta nne.

"Sehemu nne za kumi za mwanamke," alisema Chekeche. "Mzee, hiyo tunaiandikaje?"

Mzee Desimali aliitazama ile nukta nne. Watu wote wa kitengo walijua dini yake.

"Iandikeni namba nzima," alisema. "Sifuri."

Redio akachukua simu. Mama aliipokea kabla haijaita mara mbili, na nyuma yake zilisikika sauti nyingi na chakacha ya maharage kwenye ungo, kumbe walikuwa wamemngojea.

"Imetoka?" mama aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Nisomee."

Redio akasimama. Hakukuwa na gunia, lakini alisimama wima vilevile, karatasi mbele ya kifua, na ofisi nzima ikamgeukia.

"Wanawake wasiosoma katika kata," alisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. "Leo, mia sita na kumi na wawili. Baada ya miaka mitano, mia nne themanini na saba. Baada ya kumi, mia tatu sabini na mmoja."

Chakacha ya maharage ilinyamaza. Wale walikuwa wamesomewa jedwali la vifo, walijua namba inaposhuka ni akina nani wanaotoka. Akaendelea: mia mbili sitini na wanane, mia moja themanini, mia moja na kumi na wawili. Sitini na watatu. Thelathini na mmoja. Kumi na watatu. Wanne. Alisoma bila kuharakisha, kama alivyofundishwa.

"Baada ya miaka hamsini," alisema, "sifuri."

Redio alidhani simu imekatika, akaitazama. Kisha kutoka mbali, juu ya sauti zote, ikaja sauti ya Bi Rudia.

"Rudia!"

Akarudia.